Kufufua Vespa ya Zamani: Ni Nini Hasa Kinachorudishwa?

Mwenye vespa ya zamani anapoifikisha kwa fundi na kumwambia kwamba anataka "irudi kama ilivyotoka kiwandani", wote wawili hutikisa vichwa kana kwamba wameelewana, ilhali kila mmoja ana picha yake. Mwenye chombo anaona rangi inayong'aa na siti mpya. Fundi anaona injini inayowaka kwa kiki ya kwanza. Mtu wa tatu, mjuzi wa vyombo vya kale ambaye huenda akaja kuinunua siku za mbele, anaona namba zilizogongwa kwenye bodi, nati ambazo hazijawahi kubadilishwa, na kipande cha rangi ya kwanza kilichosalia chini ya tangi. Picha hizi tatu hazikai pamoja kwa urahisi. Msasa unaompa wa kwanza mng'aro wake ndio unaofuta kile ambacho wa tatu angekilipia.

Ninaandika nikiwa na chombo kimoja mbele yangu, Vespa Super ya 150 niliyoinunua Magomeni, Dar es Salaam, kwa mwalimu mmoja mstaafu, ambayo nimeishughulikia kwa vipindi kwa muda wa miaka miwili katika kibanda cha nyuma ya nyumba. Mwalimu aliniuzia kwa maelezo mafupi. "Haina shida, mwanangu," aliniambia, "ila ukikanyaga breki ya nyuma inazima. Ndivyo ilivyo." Kabla hajaniuzia, mafundi watatu walikuwa wamesafisha kabureta, wakabadilisha plagi, wakapandisha mzunguko wa injini, na ugonjwa ukabaki palepale, hata akazoea kutumia breki ya mbele peke yake. Nitaurudia ugonjwa huo, kwa sababu haukuwa ugonjwa.

Kiswahili cha gereji kina neno moja, "kufufua", kwa shughuli ambazo kwa kweli ni nne. Ipo ya kutengeneza: chombo kimekwama, kinatakiwa kitembee, na spea yoyote inayoingia inafaa. Ipo ya kurembesha, ambayo humalizika kwa rangi ya kuvutia, vyuma vilivyopigwa kromu na vioo vya pembeni vinne. Ipo ya kurudisha hali ya asili, yaani kukifanya chombo kilingane, kadiri ushahidi unavyoruhusu, na kile kilichotoka kiwandani mwaka wake, pamoja na kasoro zake za kiwandani. Ya nne, ambayo hapa kwetu haina mashabiki wengi, ni kuhifadhi: unaizuia kutu isiendelee, unatengeneza mitambo, na rangi iliyochakaa unaiacha ilivyo. Anayehifadhi anaweza kuamua wakati wowote kuanza kurudisha hali ya asili, lakini aliyekwisha kuirudisha hawezi tena kuhifadhi, kwa kuwa rangi iliyokwanguliwa haibandikwi upya. Kwa hiyo kabla ya kila hatua mimi hujiuliza kama nikijuta nitaweza kurudi nilikotoka, na jibu la swali hilo limenisaidia kuamua mambo mengi kuliko kitabu chochote cha ufundi.

Bati ndilo fremu

Vespa, neno ambalo kwa Kiitaliano ni nyigu, ni kazi ya mhandisi wa ndege. Kampuni ya Piaggio ilikuwa ikitengeneza ndege huko Pontedera, Italia, na vita vilipokwisha kiwanda chake kikiwa kimebomolewa kwa mabomu, Enrico Piaggio alimkabidhi Corradino D'Ascanio kazi ya kubuni chombo rahisi cha usafiri. D'Ascanio hakuwa mpenzi wa pikipiki: aliona mnyororo unachafua nguo, na tairi likipasuka njiani kulibadilisha ni adha. Hataza iliombwa tarehe 23 Aprili 1946, na toleo la kwanza lilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 98. Mnyororo haukuwepo, kwa kuwa injini, giaboksi na gurudumu la nyuma viliungana moja kwa moja. Gurudumu la mbele lilishikwa upande mmoja tu, kwa mtindo wa mguu wa ndege, ili liweze kutolewa kama la gari. Na mahali pa fremu ya mabomba paliwekwa mwili mzima wa bati lililogandamizwa kwa mashine na kuunganishwa kwa vitone vilivyochomelewa kwa umeme.

Mtu asiyelielewa jambo hili la bati hawezi kuifufua vespa, ataipaka rangi tu. Kwenye pikipiki ya kawaida madigadi ikioza unaitupa na fremu inabaki nzima. Kwenye vespa bati ndilo fremu, na sakafu unayokanyagia miguu ndiyo inayoshikilia mbele na nyuma visiachane. Kutu ya sakafuni, ambayo wengi huiona ni aibu ya kufunikwa kwa mpira, ni ugonjwa wa uti wa mgongo.

Msomaji wa Dar es Salaam ana undugu na chombo hiki hata kama hajawahi kukipanda. Mwaka 1948 Piaggio walitoa chombo cha magurudumu matatu kilichojengwa juu ya mitambo ya Vespa, wakakiita Ape, yaani nyuki. Kampuni ya Kihindi ya Bajaj, ambayo jina lake tumeliongezea irabu na kulifanya nomino ya kawaida, iliunda Vespa kwa leseni ya Piaggio tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi 1971, kisha ikaendelea na skuta zake yenyewe, ikiwemo Chetak ya 1972, iliyofanana sana na Vespa. Undugu huo ndio unaoeleza kwa nini spea nyingi za India huingia kwenye Vespa ya Italia, na pia kwa nini nyingine huingia bila kukaa sawasawa.

Kusoma kabla ya kufungua

Kazi ya kwanza haihitaji spana. Vespa za bodi kubwa zina namba iliyogongwa kwenye bati upande wa kulia, chini ya shavu linalofunika injini, na nyingine imegongwa kwenye kasha la injini karibu na mahali shokapu ya nyuma inapofungwa. Herufi zinazoitangulia namba ndizo zinazotaja modeli. VBC1T ni Super ya 150, iliyotengenezwa kuanzia 1965 hadi 1979; VLB1T ni Sprint; VBB ni ile 150 ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. T ya mwisho inasimama kwa neno la Kiitaliano la fremu, na kwenye injini mahali pake panakaa M ya mota, hivyo bodi ya VBC1T ilizaliwa na injini ya VBC1M. Ukikuta bodi ya Super imebeba injini ya Sprint, umeshajua kwamba katika maisha yake kuna siku injini ya kwanza ilishindikana na mtu akanunua nyingine. Hilo si kosa, lakini ni lazima ulijue kabla hujaagiza hata gasketi moja, kwa sababu utaagiza kwa kufuata injini uliyonayo na si jina lililobandikwa kwenye ngao ya mbele.

Jina hilo lenyewe halina uaminifu. Nembo huchomolewa na kuhamishwa, na nimewahi kuona nembo ya mstatili kwenye chombo ambacho namba yake ni ya miaka ya 1970, ilhali Piaggio waliingiza nembo ya pembe sita mwaka 1967. Namba za bodi ni za kulinganisha pia na kadi ya chombo, maana namba iliyofukiwa na puti au kuliwa na msasa itakupa maswali ambayo rangi nzuri haitayajibu, na ukibadilisha rangi au injini, TRA wanatakiwa kujua ili kadi ilingane na chombo.

Baada ya namba unasoma rangi. Njia yake ni rahisi na huipenda kuliko zote. Unachukua msasa laini wa maji, namba 1000 au zaidi, unauzungushia kwenye ncha ya kidole gumba, na unasugua sehemu ndogo isiyozidi ukubwa wa sarafu, mahali ambapo hapataonekana, huku ukidondoshea maji. Kadiri kidole kinavyozama, mzunguko wa katikati unafika chini huku kingo zikibaki juu, na tabaka zote hujitokeza kama pete za shina la mti lililokatwa. Kwenye vespa ya mwalimu pete zilisoma hivi kutoka nje kwenda ndani: nyeusi, kisha nyekundu, kisha mkanda mpana wa puti yenye rangi ya kinyesi cha njiwa, kisha buluu iliyopauka, kisha kijivu cha praima, kisha bati. Buluu ndiyo iliyokalia praima, kwa hiyo buluu ndiyo ya kwanza. Nilipotoa tangi nikakuta chini yake buluu ileile peke yake, bila nyeusi wala nyekundu, kwa sababu wapakaji wote wawili hawakujisumbua kulitoa. Uvivu wao umenipa ushahidi ambao bidii yao ingeufuta.

Sakafu nayo inasomeka. Bodi iliyounganishwa kiwandani huacha vitone vidogo vya mviringo vilivyobonyea, vimepangwa kwa mstari kando ya maungio. Ukiviona, sakafu ni ya kwanza. Ukiona ute wa kuchomelea uliovimba na kusawazishwa kwa jiwe la kusagia, sakafu imebadilishwa, na kinachofuata ni kupima kama aliyeibadilisha aliuweka mwili katika mstari ulionyooka. Sumaku ndogo iliyofungwa kwa uzi husaidia hapa: inanata kwenye bati na kuteleza kwenye puti.

Kila kinachofunguliwa kinapigwa picha kabla na baada. Nati na bolti za kila sehemu ninazihifadhi katika makopo ya maziwa ya unga yaliyoandikwa kwa kalamu ya rangi, na makopo ya kwangu yalifika kumi na tisa. Usiamini kwamba utakumbuka waya wa gia ulipita juu au chini ya waya wa klachi. Hutakumbuka.

Chumvi, mchanga na rangi

Jiji letu limekaa ufukweni, na hewa inayotuburudisha jioni ndiyo inayokula bati letu usiku. Vespa nyingi za Dar es Salaam na Unguja zimeoza mahali pamoja: kwenye kingo za sakafu, chini ya mistari ya alumini ambayo hunasa maji, na ndani ya tumbo la katikati linalopitisha nyaya, ambalo hakuna brashi inayolifikia. Kutu ya nje inayotisha macho mara nyingi ni ya juujuu, wakati ile ya ndani ya tumbo unaigundua unapobonyeza kwa bisibisi na bisibisi ikazama.

Kuondoa rangi ya zamani kuna njia mbili kuu, dawa ya kukwangulia au kupiga mchanga kwa upepo. Nilichagua mchanga kwa sababu ya haraka, na nilijuta. Gereji niliyoipelekea, ambayo sitaitaja, ilitumia mchanga ambao baadaye niliambiwa ulichotwa pwani. Bodi iliondoka pale ikiwa na rangi safi ya kijivu ya chuma kitupu, na ilikuwa ni wiki ya masika. Kesho yake asubuhi ilikuwa imeota vipele vya rangi ya chungwa mwili mzima, kwa sababu chumvi iliyobaki kwenye vitundu vya bati ilikuwa inavuta unyevu wa hewa. Nililazimika kuiosha kwa maji baridi mengi, kuikausha kwa feni na jua, kuipaka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, na kuipuliza praima siku ileile. Shinikizo la upepo nalo lilikuwa kubwa mno, likaacha shavu la kushoto limejikunja kidogo kama karatasi iliyolowa. Bati jembamba halipigwi mchanga mkavu wa chembe kubwa, na hata ukitumia chembe laini, ni lazima uzibe kwanza bomba la usukani na tundu zote za nyaya, la sivyo chembe hizo zitakuja kusaga beringi miezi sita baadaye. Leo ningetumia dawa na subira.

Kwenye kuchomelea nina maoni makali kidogo. Fundi mzuri wa kuchomelea ana thamani kuliko mpakaji rangi mzuri mara tatu. Kiraka kinachowekwa juu ya kutu bila kukata bati bovu kinatengeneza mfuko wa kukusanyia maji, na baada ya masika mbili kutu inarudi ikiwa na nguvu zaidi. Bati bovu linakatwa mpaka kwenye chuma kizima, kipande kipya kinaingizwa usawa na la zamani, na mwili wote unakuwa umefungwa imara wakati wa kazi hiyo ili joto lisiuvute upande.

Rangi yenyewe ni jambo la mwisho, na watu wengi hushangaa nikisema ni la rahisi. Vespa za Italia za enzi hizo zilipakwa rangi zenye misimbo ya mtengenezaji aitwaye Max Meyer, na wapenzi wa vyombo hivi duniani wamezikusanya kwa modeli na kwa miaka. Ukiwa na msimbo, au ukiwa na kipande kisafi cha rangi ya kwanza kama kile nilichokikuta chini ya tangi, duka la kuchanganya rangi za magari litakupatia kitu kinachokaribiana sana. Kosa hutokea kwenye umaliziaji. Rangi za kawaida za wakati ule hazikuwa na tabaka la vanishi juu yake. Ziling'aa kiasi, kama sufuria iliyosuguliwa vizuri, na haziakisi uso wako. Mpakaji rangi wa leo, akitaka kukufurahisha, atapuliza vanishi tatu na kukupa chombo kinachong'aa kuliko kilivyowahi kung'aa Pontedera. Vivyo hivyo nati na bolti: kiwanda kilizipaka zinki yenye kijivu kilichopoa, na anayezipiga kromu amerembesha, hajarudisha. Mistari ya sakafuni ilifungwa kwa ripiti. Skrubu zinazoonekana pale ni saini ya gereji.

Injini na kile kisichorudishika

Injini ya Super ni ya mipigo miwili, ile ambayo mafundi huiita tu-stroku, na haina valvu kabisa. Inaitwa 150, lakini kipenyo cha silinda ni milimita 57 na pistoni hupanda na kushuka milimita 57, kwa hiyo ujazo wake halisi ni sentimita za ujazo 145.45. Silinda ni ya chuma cha kusubu, na ikiliwa huchongwa ipokee pistoni kubwa zaidi kwa hatua za milimita 0.2, yaani 57.2, kisha 57.4, kisha 57.6. Yangu nilipoipima ilikuwa imeshafika 57.4 na ikahitaji kuchongwa tena. Nilikwenda nayo kwa mkereza vyuma wa eneo la Gerezani, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, naye akanirudisha. "Leta pistoni kwanza," alisema. "Mimi sichongi silinda ya kufikirika." Alikuwa na haki, kwa sababu pistoni mbili zenye namba moja kwenye boksi zinaweza kutofautiana kidogo, na silinda huchongwa kwa kufuata pistoni iliyopo mkononi. Kila hatua inayochongwa ni maisha yanayopunguzwa, na hakuna kukereza kunakorudisha chuma kilichoondoka.

Jambo jingine lisilorudishika limejificha ndani zaidi. Katika injini hizi, mchanganyiko wa petroli na hewa huingia moja kwa moja kwenye kasha la chini, na mlango wake hufunguliwa na kufungwa na duara la kranki lenyewe, yaani chuma kinachozungushwa na pistoni, linapozunguka likipita karibu sana na uso wa alumini, kwa nafasi isiyozidi unene wa unywele. Uso huo ukikwaruzwa, labda na nati iliyodondokea kwenye kabureta au na vipande vya beringi iliyovunjika, mlango hauzibi tena, na injini hutema petroli kurudi kwenye kabureta kila inapozunguka. Ukitazama kwa nje, kabureta imelowa na injini inawaka kwa taabu; fundi anaisafisha kabureta, inapona siku mbili, inarudia. Kabla ya kununua injini yoyote ya aina hii toa kabureta, mulika tochi kwenye tundu, na upitishe ukucha juu ya uso huo. Ukucha ukikwama, shusha bei au ondoka.

Sili za mafuta, yaani pete za mpira za kuzuia uvujaji, nazo zina lugha yake, na anayeielewa huokoa muda mwingi. Kranki ina sili pande mbili. Ya upande wa klachi ikikauka, injini hunyonya oili ya giaboksi na kuichoma, moshi mweupe hutanda nyuma, na oili, ambayo ujazo wake ni mililita 250 tu, hupungua bila kuonekana inavujia wapi. Ya upande wa magneti, yaani gurudumu la sumaku linalozalisha umeme, ikikauka, injini hunyonya hewa, mchanganyiko huwa mwepesi, mzunguko hupanda wenyewe na joto hupanda nao, na mwisho wake ni pistoni kuganda barabarani. Mpira uliokaa miaka kumi bila kutembea umekuwa mgumu hata kama unaonekana mzima, kwa hiyo sili hubadilishwa zote bila mjadala.

Gia inayoruka yenyewe, hasa ukivuta mafuta, mara nyingi si waya uliolegea. Ndani ya giaboksi kuna kipande chenye umbo la msalaba kinachoteleza kutoka gia moja hadi nyingine na kuishika kwa ncha zake nne. Ncha zikiliwa na kuwa za mviringo, msalaba hausimami mahali pake. Ni kipande kidogo kinachoenea kiganjani, lakini kukifikia ni lazima kasha la injini lifunguliwe nusu kwa nusu. Tafadhali usilipasue kwa bisibisi, maana nyuso zinazokutana ni za alumini na mkwaruzo mmoja utavujisha oili milele.

Kuhusu petroli, Super na wenzake wenye mlango wa kranki huhitaji oili asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita. Modeli za kale zaidi, ambazo pistoni ndiyo iliyofungua mlango, zilihitaji asilimia 5, na kumbukumbu ya kipimo hicho ndiyo inayowafanya wazee wengi wamwage oili kwa ukarimu mpaka ekzosi inaziba kwa masizi. Bomba la petroli lililo chini ya siti lina herufi tatu za Kiitaliano: A ni wazi, C ni imefungwa, R ni akiba.

Globu iliyozima injini

Sasa ugonjwa wa breki. Vespa nyingi za volti 6 zisizo na betri hupata umeme wake wote kutoka kwenye koili zilizopangwa ndani ya magneti, na hakuna kifaa cha kudhibiti volti. Kinachodhibiti ni globu zenyewe: zikiwa za wati sahihi, hugawana umeme na kukaa salama, moja ikiungua, zilizobaki hupokea zaidi ya haki yake na huungua moja baada ya nyingine. Mtu anayeweka globu yoyote iliyopo dukani hujikuta kila wiki ananunua nyingine.

Katika baadhi ya modeli hizo wabunifu walikwenda mbali zaidi, wakailisha taa ya breki kwa koili ileile inayoiwasha plagi. Umeme wa koili hiyo unahitaji njia ya kurudi kwenye bodi. Usipokanyaga breki, swichi iliyo kwenye pedeli imefunga njia hiyo na kila kitu ni salama. Ukikanyaga, swichi inaachia, na umeme unalazimika kurudi kupitia globu ya breki, ambayo kwa kupitiwa inawaka. Ni ubunifu wa kubana matumizi, na unapendeza mpaka siku globu inapoungua. Siku hiyo, ukikanyaga breki umeme hauna pa kupita, cheche inakufa, na injini inazima. Ukiachia pedeli, inarudi. Mwalimu alikuwa ameendesha miaka mingi akiwa na globu iliyoungua, na mafundi watatu walikuwa wakitafuta mbele ugonjwa uliokuwa nyuma, ndani ya kioo chekundu.

Hapa ndipo kishawishi cha kubadilisha mfumo wote kuwa volti 12 hujitokeza, na sikidharau, kwa sababu taa ya volti 6 usiku katika Barabara ya Morogoro ni mshumaa mbele ya malori. Nilichokifanya ni kurudi kwenye swali langu la mwanzo. Magneti ya volti 12 hufungwa mahali pa ile ya zamani bila kukata wala kutoboa kitu, kwa hiyo anayeitaka aiweke, mradi ile ya kwanza ihifadhiwe ndani ya kopo na jina lake. Kutoboa bodi kwa ajili ya taa za ziada ni jambo jingine kabisa. Mimi nilibaki na volti 6 na sitembei usiku.

Kipimo hicho hicho kinafaa kwa spea zote. Tairi la Super ni 3.50-8, na Dar es Salaam si rahisi kulipata, wakati 4.00-8 la Bajaji linauzwa kila kona. Linaingia kwenye rimu, lakini ni pana na refu zaidi, kwa hiyo lizungushe kwa mkono uone kama linagusa popote kabla hujalipanda, na kabla ya kufungua nati zinazoshika nusu mbili za rimu, hakikisha umetoa upepo wote, kwani rimu hiyo hufunguka kwa nguvu inayoweza kuvunja mkono. Tairi ni la kuazima; litatoka siku 3.50 litakapopatikana. Mashavu ya bati mapya kutoka nje ni kinyume chake: mara nyingi ni membamba na mikunjo yake si ileile, na aliyeyatupa ya kwanza kwa sababu ya mibonyeo amebadilisha bati la Pontedera kwa nakala. Nilitafuta fundi wa kunyoosha bodi, akaligonga shavu langu lililojikunja kwa nyundo ya mbao kwa siku mbili, na bado ukiinama utaona kivuli cha mkunjo.

Vespa ilipokamilika niliipeleka Magomeni. Mwalimu aliitikia shikamoo yangu bila kuniangalia, akaizunguka mara moja, akapitisha mkono kwenye buluu na hakusema kitu. Alipiga kiki mbili, ya pili ikashika. Akaketi, akavuta mafuta kidogo, akakanyaga breki ya nyuma. Injini iliendelea kuunguruma. Akakanyaga tena, na tena, akigeuza shingo kuangalia wekundu unaowaka ukutani nyuma yake.

"Ilikuwa na nini?" aliuliza.

"Globu, mwalimu."

"Globu ya shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Akakanyaga breki mara ya nne.